Daftari za waliofukuzwa: mwaka wetu wa mwisho wa sekondari mjini Bukavu

Nilimaliza sekondari mjini Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika mwaka wa shule wa 2018–2019, mchepuo wa ualimu, ambao kwetu huitwa pedagojia, kwenye shule moja ya komini ya Kadutu. Kila Septemba ninawaona watoto wa majirani wanaoingia mwaka wa mwisho wakianza mapema kukusanya michango ya fulana za wafinalisti, ya picha na ya sherehe ya kuagana. Siwalaumu, kwa kuwa mambo hayo yana raha yake na yakipita yamepita. Hata hivyo, kwa jinsi nilivyouona mwaka ule, moyo wa darasa letu haukuletwa na fulana. Uliletwa, na wakati mwingine nusura upotee, na namna tulivyolishughulikia jambo moja: kufukuzwa kwa wenzetu ambao hawakuwa wamelipa.

Kwa asiyesoma Kongo nieleze kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya serikali ilipoacha kumtosha mwalimu, wazazi walikubali kumwongezea malipo kutoka mifukoni mwao ili shule zisifungwe, na mpango uliodhaniwa kuwa wa muda ukageuka kuwa desturi. Malipo hayo tunayaita primu. Mwanzoni mwa kila mwaka wa shule gavana wa jimbo hutia sahihi amri ya ada za shule, na shule hukutana na kamati ya wazazi kuzungumzia kiwango chake. Kwetu primu ilikuwa dola 15 kwa mwezi. Kwa mfinalisti kuna pia ada ya kushiriki Mtihani wa Serikali, vifaa vya mazoezi ya kufundisha, fotokopi za maswali ya miaka iliyopita, na nauli ya kufika kwenye kituo cha mtihani, ambacho mara nyingi si shule unayosoma. Mzazi anayepiga hesabu ya primu peke yake mwezi Septemba atajikuta Aprili akikopa kwa majirani, na mama yangu alikopa.

Orodha ilisomwa kwa kawaida baada ya saa ya pili ya masomo. Mkurugenzi wa nidhamu alisimama mlangoni, karatasi mkononi, bila kuingia. Mwalimu aliacha kuandika ubaoni lakini hakugeuka kututazama. Nadhani naye aliona haya, maana pesa iliyokuwa ikidaiwa ilikuwa yake. Majina yalifuata alfabeti, kwa hiyo kila mtu alijua zamu yake inakaribia au imepita. Dawati moja lilikaliwa na watu watatu, na wa katikati akiitwa, wa pembeni alilazimika kusimama ili ampishe; hivyo hata aliyelipa alijikuta amesimama mbele ya macho ya wote, daftari kifuani, akimngoja mwenzake akusanye kalamu na rula. Mimi nilikaa katikati. Tukitoka, tulishuka njia ya soko saa nne asubuhi tukiwa na sare ya bluu na nyeupe, na hapakuwa na mwenye duka aliyehitaji kuuliza kwa nini tunapita saa ile.

Mama aliuza sambaza katika soko la Kadutu. Sambaza huvuliwa usiku katika Ziwa Kivu kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali samaki hao hawaifuati taa, hivyo mavuno hupungua, bei ya jumla hupanda ufukweni, na mchuuzi mdogo hubaki na faida ya kununulia unga tu. Nilikuwa nimefukuzwa miaka mingi kabla ya kugundua kwamba siku zangu za kufukuzwa hukaribiana na mwezi mpevu. Mwaka wa mwisho niliutumia ujuzi huo. Kabla mwezi haujakua nilimwendea mtunza fedha wa shule nikiwa na dola chache mkononi, nikamweleza kwamba zilizobaki zitakuja wiki ya giza, na nikamwomba aiandike tarehe hiyo kwenye risiti na kuitia sahihi. Hakukubali kila mara, lakini alipokubali jina langu liliondolewa kwenye orodha ya mwezi huo. Kila nyumba ina majira yake ya pesa. Kuna baba anayechimba dhahabu Kamituga na kurudi bila tarehe, kuna mwalimu anayengoja mshahara, kuna dada anayefuma vikapu kwa oda. Yajue majira ya nyumba yenu, kisha umwendee mtunza fedha kabla ya orodha kuandikwa. Jina likishasomwa, mnakuwa ishirini mbele ya dirisha lake, kila mmoja na kisa chake, na hakuna anayesikilizwa.

Mwanzoni mwa mwaka, aliyefukuzwa alitegemea picha. Simu zilikatazwa shuleni, lakini wawili au watatu walizificha, na jioni walipiga picha kurasa za daftari zao na kuzituma kwenye kikundi cha darasa cha WhatsApp. Mpango huo ulionekana mzuri kwa sababu haukumgharimu mtumaji chochote. Ulimgharimu mpokeaji: alihitaji simu, alihitaji vocha, alihitaji umeme wa kuchaji katika mtaa unaokaa gizani usiku hadi usiku, na mwisho wa yote alipata maandishi ya penseli yaliyofifia, yaliyopigwa picha kwa pembe. Asiye na simu, ambaye mara nyingi ndiye huyo huyo asiye na primu, hakupata kitu. Tuliliona hilo tukalinyamazia.

Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Siku iliyofuata intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikakaa hivyo kwa takriban wiki tatu. Tuliporudi kutoka likizo mwezi Januari mitihani ya muhula wa kwanza ilikuwa karibu, orodha ikasomwa mara moja, na kikundi chetu kilikuwa kimekufa. Mkuu wa darasa letu, msichana wa maneno machache ambaye tulikuwa tumemchagua hasa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi ile, alichora kwenye ubao ramani ya mahali tunapokaa: Cimpunda, Nyamugo, Nkafu, Panzi, Bagira. Alitugawa kwa mitaa. Wapo waliolalamika, kwa kuwa kila mtu alitaka kumwandikia rafiki yake. Leo ninaamini kwamba kama tungegawana kwa urafiki, wasio na marafiki wangepotea, na isitoshe msichana wa Nkafu asingeweza kutoka jioni kwenda Panzi kufuata daftari.

Utaratibu wenyewe ninaueleza kwa kirefu, kwa sababu kila kipengele kilizaliwa na usumbufu fulani. Kila somo lilikuwa na mwandishi wake, aliyeandika kwa karatasi ya kaboni ili nakala ya pili ipatikane papo hapo bila kulipia fotokopi. Juu ya kila ukurasa aliandika tarehe, jina la somo na namba ya ukurasa, kwa sababu wiki ya kwanza karatasi zilifika zimechanganyika, na mwenzetu mmoja alisoma hitimisho la somo la saikolojia akidhani ni utangulizi. Vifupisho vya mtu binafsi vilipigwa marufuku. Pembeni ilichorwa alama kila mahali ambapo mwalimu alirudia jambo au kugonga ubao. Chini kabisa iliandikwa kazi ya nyumbani na majaribio yaliyotangazwa, yaani zile interro ambazo asiyekuwapo hupewa sifuri. Kila mtaa ulikuwa na mbebaji mmoja, ambaye alikabidhi karatasi jioni ile ile kwa mwanafunzi au kwa mzazi wake, zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa mvua za Bukavu hazimsubiri mtu. Kilichochelewa hadi kesho yake kilikuwa kimepoteza nusu ya thamani yake, maana aliyefukuzwa alikuwa amekwisha kuzoea kutosoma.

Nilipofukuzwa wiki ile ya mwezi mpevu, aliyeniletea karatasi za didaktiki, yaani somo la mbinu za kufundisha, alikuwa kijana ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu mwaka uliotangulia. Alimpa mama karatasi, akakataa kuingia, akaondoka. Kesho yake akaleta tena. Hatukuwahi kuzungumzia ugomvi wetu, na sijui hata kama tulipatana. Ninachojua ni kwamba zaidi ya nusu ya daftari langu la didaktiki la mwaka ule ina mwandiko wake, mwandiko mbaya unaolalia kushoto, na ndilo daftari nililolitumia kuandaa somo langu la mtihani wa kufundisha.

Utaratibu huu ulishindwa kwenye hesabu. Ukurasa wa hesabu ulionakiliwa vizuri bado ni ukurasa usioeleweka kama hukuona mwalimu akiuandika mstari baada ya mstari. Kwa hiyo tukaongeza Jumamosi asubuhi, ambapo aliyekuwapo darasani alimwelezea aliyefukuzwa, na hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo lingetusaidia tangu mwaka wa kwanza: kueleza kwa Kiswahili kwanza, mpaka mwenzako aweze kukurudishia maelezo hayo kwa maneno yake, kisha kuandika jibu kwa Kifaransa. Tulikuwa na wanafunzi waliokariri fasili za Kifaransa kurasa nzima bila kujua zinasema nini, na walionekana hodari mpaka swali lilipogeuzwa kidogo. Waelezaji nao walifaidika kuliko walivyotarajia. Huwezi kumweleza mtu kwa nini mtoto wa darasa la pili huchanganya kutoa na kugawanya kama wewe mwenyewe hujui.

Kwa walioachwa na majaribio, tulimwendea mwalimu wa darasa na kumwomba awaruhusu kurudia. Alitaka risiti ya malipo yenye tarehe. Tangu hapo nilimshauri kila mtu asiitupe risiti yoyote, hata ya dola 2, na aibandike ndani ya jalada la daftari. Walimu wengi walikubali kurudia jaribio kwa mwenye risiti. Mmoja alikataa kabisa, na alama za kipindi kile zilibaki shimo kwenye buleteni, yaani ripoti za alama, za watu kadhaa.

Upande wa pesa tulifanya vibaya zaidi. Tulikuwa na likirimba ya darasa: kila mmoja alitoa kiasi kidogo kila wiki, na zamu ya kupokea ilipangwa kwa kura. Nia ilikuwa kwamba kufikia Aprili kila mtu awe na fungu la kulipia ada ya mtihani. Kura ni ya haki lakini haina macho, na ilimpa wa kwanza mtoto wa mfanyabiashara, naye aliyekuwa na shida kubwa zaidi akapangiwa mwisho. Baadhi ya waliopokea mapema waliacha kuchangia. Mweka hazina wa kwanza alikuwa amemkopesha ndugu yake sehemu ya pesa bila kuandika mahali popote, na ingawa alilipa polepole, hazikurudi zote. Baada ya hapo mmoja alishika kisanduku na mwingine ufunguo, daftari la hesabu likasomwa kwa sauti kila Ijumaa, na zamu zikapangwa upya kulingana na tarehe ya mwisho ya malipo ya kila mtu. Ningekuwa ninaanza leo, ningeanzia hapo, na nisingeruhusu pesa ya likirimba na pesa ya fulana zikae katika kisanduku kimoja.

Fulana zenyewe zilitugawa. Zilikuwa dola 7 kila moja, na mwezi Machi ilionekana wazi kwamba si chini ya watu kumi hawangezipata. Mtu mmoja alisema asiye na fulana asisimame kwenye picha ya darasa. Palizuka kelele zilizodumu mapumziko yote, na yalisemwa maneno ambayo wengine hawajayasahau hadi leo. Mkuu wa darasa hakubishana na mtu. Alitangaza kwamba yeye hatanunua fulana, na kwamba picha itapigwa kwa sare ya shule. Wapo waliokasirika, na walikuwa na haki yao, kwa sababu walikuwa wamekwisha kulipa na fundi alikuwa amekwisha kukata kitambaa. Picha ilipigwa kwa sare. Fulana zilivaliwa na wenye nazo siku nyingine, kwa furaha yao. Sidhani palikuwa na suluhisho lingine lililo bora, ila jambo hilo lilipaswa kuamuliwa mwezi Oktoba, kabla pesa ya mtu yeyote haijafika kwa fundi.

Kuhusu mtihani nitasema machache, kwa kuwa mengi yanajulikana. Mtihani wa Serikali ulianza mwaka 1967, na mpangilio wake wa jumla haujabadilika sana: insha ya Kifaransa hutangulia, na kwa sisi wa ualimu kuna kufundisha somo mbele ya jopo, ndipo zinafuata siku nne za maswali ya kuchagua jibu, kuanzia maarifa ya jumla. Ili kupasi unahitaji angalau asilimia 50. Insha ndiyo iliyopuuzwa na wengi wetu, kwa sababu maswali ya kuchagua yanaweza kufanyiwa mazoezi kwa fotokopi, ilhali insha inamtaka mtu akusomee na kukusahihisha. Tafuteni mwalimu wa Kifaransa mapema, andikeni moja kila wiki mbili, na msomeane.

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza, watu walipita mitaani na kwenye simu wakiuza karatasi walizoziita majibu. Mwenzetu mmoja alitoa pesa aliyopewa ya nauli na chakula cha siku zote nne. Maswali hutolewa katika seria mbalimbali, swali moja likiwa na namba tofauti katika kila seria, kwa hiyo hata kama karatasi ile ingekuwa ya kweli, orodha ya herufi isiyosema ni ya seria gani isingemfaa kitu. Aliamka amechanganyikiwa, akaenda kituoni kwa miguu, na tulimlisha maandazi yetu siku zilizofuata. Alipasi, kwa bahati au kwa daftari zake mwenyewe.

Matokeo yalipotoka, wapo waliopata ujumbe kwenye simu na wapo waliotegea redio. Kadutu ilijaa watu waliopakwa poda nyeupe kichwani na mabegani, wakiimba na kupanda kilima. Mama alinimwagia kopo zima la poda, akaanza kulia, kisha akaniuliza kama nimekula. Katika darasa letu wengi walifaulu. Miongoni mwa walioanguka alikuwamo msichana wa Bagira aliyefukuzwa mara nyingi kuliko wote, ambaye karatasi zilimfikia kwa taabu kwa sababu ya umbali. Alirudia mwaka akafaulu. Ninamtaja kwa sababu ninaposimulia habari za daftari zetu watu hupenda kudhani kwamba ziliokoa kila mtu.

Septemba ya mwaka ule ule serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, ambayo kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilikuwa kimekwisha kuiagiza. Leo ninafundisha shule ya msingi kwa Diploma yangu ya Serikali, ile ngazi tunayoiita D6. Darasa langu limefurika na madawati hayatoshi, lakini hakuna anayesimama mlangoni na orodha. Sekondari haikuingizwa katika mpango huo, na orodha zinaendelea kusomwa.

Kijana yule wa mwandiko wa kushoto huniambia, tunapokutana, kwamba daftari zetu ziliisaidia shule kuliko zilivyotusaidia sisi: tuliwarahisishia kutufukuza, kwa sababu waliona kwamba masomo yanaendelea hata hivyo. Simpingi moja kwa moja. Mwezi Februari, baada ya muhula wa kwanza, baadhi ya wazazi, mama yangu akiwamo, waliomba kwenye kikao kwamba orodha isisomwe darasani, bali kila mzazi apelekewe barua yenye kiasi anachodaiwa na tarehe ya mwisho. Prefe, yaani mkuu wa shule, aliwasikiliza kwa heshima na akakubali kwa wafinalisti peke yao, tena kuanzia Aprili. Kufikia Februari primu ilikuwa imekwisha kupitishwa, na wazazi hawakuwa na cha kubadilishana naye. Ombi hilo linatakiwa kuletwa kwenye kikao cha Septemba, siku ambayo shule bado inaihitaji kamati ya wazazi ikubali kiwango, na liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla ya sahihi kutiwa.